Neno lililotia nanga kila pwani

Ukibahatika kufika Mombasa likizo ya shule itakapofungwa, usikimbilie ufuoni moja kwa moja kama wafanyavyo wageni wengi wa kutoka bara. Shuka kwanza Mji wa Kale. Pita kando ya Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kisha ufuate vichochoro vinavyoteremka kuelekea majini. Harufu ya samaki, viungo na kahawa chungu itakuongoza, na ukikwama uliza mtoto yeyote unayemkuta mlangoni. Huko chini utakuta Bandari ya Kale. Ikiwa ulitazamia meli kubwa utavunjika moyo, kwa maana kuna majahazi machache tu ya mbao, mabaharia waliojilaza kivulini, na mahamali wakipakua magunia kama walivyofanya babu zao.

Kisha panda matatu uvuke kisiwa hadi upande wa pili. Huko kuna Kilindini, yaani kwenye kilindi, penye maji ya kina kirefu. Ukiwa juu ya feri ya Likoni utaziona winchi zimesimama kama twiga wa chuma, na makontena yamepangwa juu kwa juu mithili ya masanduku ya harusi. Hapo ndipo yanapopita mafuta, ngano, magari na vyuma vya Kenya, na mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Congo.

Pande mbili za kisiwa kimoja, zisizofanana hata kidogo, na zote mbili twaziita bandari. Twalitumia neno hilo bila kulifikiria, tunavyotumia mlango wa nyumba yetu. Kuna timu ya mpira ya Bandari, kuna chuo cha ubaharia cha Bandari, na ajira ya bandarini ni ndoto ya vijana wengi wa Pwani. Lakini hebu tujiulize leo, neno hili ni la nani? Nalo linapotamkwa kwingineko duniani, wenyewe huona nini akilini mwao? Usidhani haya ni maswali ya wazee wa kamusi peke yao. Si miaka mingi iliyopita watu waliandamana mjini Mombasa kwa sababu ya kutoelewana juu ya mahali bandari ilipo hasa. Nitalifikia hilo, lakini kwanza tusafiri kidogo.

Waswahili hawakungoja mgeni awafundishe kupandisha chombo pwani. Walikuwa na diko, yaani pale pa kuegeshea mashua na kushushia samaki, na mpaka leo wavuvi wanalitumia neno hilo. Walikuwa na kilindi, na wakawa na mlango wa bahari na mwamba wa kuogopwa. Kwa hivyo bandari ilikuja juu ya maneno mengine, ikaja na kitu kipya kilichozidi diko: nyumba za kuhifadhi bidhaa, mizani, mtu wa kukusanya ushuru, na wageni wanaolala hapo miezi wakingoja upepo ugeuke.

Neno lenyewe ni la Kiajemi, lugha ya Iran. Wao husema bandar, nasi tukaongeza i mwishoni kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishe ghafla kama mtu aliyekatizwa. Wala halikuja peke yake. Nahodha ni la Kiajemi pia, limeungwa kutokana na maneno mawili yenye maana ya chombo na bwana: bwana wa chombo. Nanga ni langar ya Waajemi. Hata serikali, hiyo tunayoilalamikia kila siku, asili yake ni sarkar, neno la hao hao. Tazama basi maneno hayo manne yanavyokaa pamoja. Nahodha anatia nanga bandarini, na mtu wa serikali anakuja kudai chake. Mtu angeweza kuandika historia ya biashara ya Bahari ya Hindi kwa sentensi hiyo moja.

Si ajabu kwamba ilikuwa hivyo. Katika karne ya 9 na ya 10 mji wa Siraf, ulioko upande wa Iran wa Ghuba ya Uajemi, ulikuwa miongoni mwa miji tajiri ya biashara ya baharini. Vyombo vyake vilikwenda China na vilikuja huku kwetu. Upepo wa kaskazi uliwaleta kuanzia mwisho wa mwaka, na wa kusi ukawarudisha makwao baada ya mvua za masika kuanza. Kati ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na haraka. Alikaa, akauza, akaoa, akazungumza. Maneno hayakuhitaji darasa.

Hapa niseme jambo moja kando. Kuna watu ambao wakisikia neno ni la Kiajemi au la Kiarabu, mara husema basi Waswahili nao ni Waajemi au Waarabu, na lugha yenyewe ni ya kuazima. La hasha! Mkazi wa Nairobi akivaa koti la mtumba alilonunua Gikomba hawi Mzungu kwa sababu hiyo. Sisi twasema bandari zetu zimejaa, bandarini kumekucha, na hizo zetu, zimejaa, -ni na kumekucha ni Kibantu kitupu. Mgeni aliingia nyumbani, akavua viatu, akakaa mkao wa wenyeji.

Sasa tung'oe nanga tuelekee kaskazini. Ukipita Lamu na Kiunga unaingia Somalia, na pwani ile ya Mogadishu, Marka na Barawa inaitwa Benadir. Wanafunzi wa Kiarabu watatabasamu hapa, maana banadir ni wingi wa bandar. Kwa hiyo jina la pwani nzima ni Mabandari, kama mtu angethubutu kusema hivyo kwa Kiswahili. Sultani wa Zanzibar alizikodisha bandari hizo kwa Waitaliano mwaka wa 1892, na mwaka wa 1905 zikauzwa kabisa. Leo Banaadir ni jina la mkoa wa mji mkuu wa Somalia. Barawa nayo ina watu wake wanaozungumza Chimiini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na wengi wao wamekaa Mombasa na Nairobi kwa muda mrefu. Ukimsikia Mbarawa akizungumza na nyanya yake, sikiliza kwa makini. Utashika neno, utapoteza mawili, halafu utashika tena.

Waarabu walilichukua neno kutoka kwa Waajemi na kila mmoja akalitumia kwa haja zake. Huko Misri, bandar si lazima pawe penye maji ya chumvi. Ni mji mkubwa wa wilaya, penye soko, polisi na ofisi za serikali, tofauti na kijijini. Msichana wa bandar kwa Wamisri ni msichana wa mjini, pengine mwenye maringo kidogo, kama tunavyosema hapa kwetu juu ya watoto wa Nairobi wanaokwenda mashambani Krismasi na kushindwa kukama ng'ombe. Katika nchi za Ghuba Bandar ni jina la mwanamume. Mwanamfalme Bandar bin Sultan alikuwa balozi wa Saudi Arabia nchini Marekani tangu 1983 hadi 2005, na sidhani kuna aliyemuuliza meli zake ziko wapi.

Kuna pia cheo cha shahbandar. Shah ni mfalme, kwa hivyo ni kama kusema mfalme wa bandari, na kwa asili huyo alikuwa msimamizi wa bandari. Jijini Cairo zamani shahbandar alikuwa mkuu wa wafanyabiashara wote, mtu ambaye neno lake lilipandisha au kushusha bei. Waturuki wa dola ya Uthmania wakalifanya neno hilo kuwa cheo cha balozi mdogo, yule anayewatunza raia wao katika miji ya kigeni. Msimamizi wa meli, mkuu wa wafanyabiashara, mwakilishi wa nchi: ukifikiri sana, kazi zote tatu ni za mtu anayekaa mlangoni na kujua nani anaingia.

Iran yenyewe ungeijua kwa mabandari yake. Fungua ramani uifuate pwani ya kusini kwa kidole. Kuna Bandar Lengeh, kuna Bandar Bushehr, na kubwa kuliko zote, Bandar Abbas, karibu na mlango bahari wa Hormuz ambao hutajwa katika habari kila mafuta yanapotishia kupanda bei. Abbas huyo ni Shah Abbas, aliyewafukuza Wareno kutoka kisiwa cha Hormuz mwaka wa 1622 akisaidiwa na meli za Waingereza. Miaka 76 baadaye, mwaka wa 1698, Waomani waliwatoa Wareno hao hao Fort Jesus. Kwa hiyo mtu wa Mombasa na mtu wa Bandar Abbas wana hasimu mmoja katika historia yao, na wanaweza kukaa pamoja wakapiga gumzo.

Na wangekuwa na mengi ya kuzungumza. Katika Kiajemi cha leo, bandari, pamoja na ile i ya mwisho, si mahali. Ni mtu au kitu cha kutoka pwani hiyo ya kusini. Muziki wa bandari ni muziki wa ngoma nzito na zumari, unaochezwa kwa kutikisa mabega, na harusi ya Tehran inaweza kukosa mengi lakini si huo. Miongoni mwa watu wa pwani ile wamo wazao wa Waafrika waliofikishwa huko kwa karne nyingi, wengi wao kama watumwa na wengine kama mabaharia. Ngoma zao zimo ndani ya muziki huo. Hivyo neno lilikuja kwetu likiwa na maana ya gati, na watu wetu wakaenda kwao na mdundo, na sasa mdundo huo unaitwa kwa neno lile lile. Ukiingia mkahawani huko na kuagiza sosis bandari, usishangae: utaletewa soseji zilizokaangwa na vitunguu, viazi na pilipili, ndani ya mkate. Watu wa pwani kila mahali hupenda pilipili.

Tuvuke sasa mpaka India, na hapa nakuomba uwe mwangalifu, hasa kama una rafiki darasani anayezungumza Kihindi. Ukimwambia kwamba babako anafanya kazi kwenye bandar, atakutazama kisha aangue kicheko. Kwa Kihindi bandar ni tumbili. Neno hilo halina undugu wowote na letu. Limetokana na vanara la Kisanskrit, na wale tumbili waliomsaidia Rama katika hadithi ya Ramayana ndio hao vanara. Maneno mawili yalizaliwa mbali mbali, moja msituni na moja ufuoni, yakakutana njiani yakiwa yamevaa nguo moja. Kihindi na Kiurdu wamejiepusha na aibu kwa kuongeza kipande: bandari kwao ni bandargah, na gah ni mahali.

Lakini Kigujarati, lugha ya nyumbani ya familia nyingi za Wahindi wa Kenya, hakina shida hiyo. Kwao bandar ni bandari tu, na tumbili wana jina lake jingine. Gujarati ndiyo iliyo pwani, ndiyo iliyokuwa ikituma vyombo Mombasa na Zanzibar kabla ya reli kufikiriwa. Mji wa Porbandar, alikozaliwa Mahatma Gandhi mnamo Oktoba 2, 1869, umebeba neno hilo kwenye jina lake. Huko Mumbai waliita kila gati bunder. Lile lango kubwa la mawe ambalo hupigwa picha na kila mtalii, lililokamilika mwaka wa 1924, limesimama mahali paitwapo Apollo Bunder, na kuna kituo cha treni cha Masjid Bunder ambako watu hushuka kwa maelfu kila asubuhi bila kuona bahari.

Na Bhandari je? Utaliona jina hilo mara kwa mara katika orodha za wanafunzi na juu ya milango ya maduka, na Nepal ilikuwa na rais Bidya Devi Bhandari kuanzia 2015 hadi 2023. Usiharakishe kumwita mtu wa bandarini. Sikiliza ile bh inavyotoka na pumzi. Bhandar ni ghala, na bhandari ni mtunza ghala. Asili yake ni Kisanskrit. Bandari bila ghala haifai kitu, kwa hiyo mtu angeweza kuapa kuwa maneno haya ni ndugu, na angeapa uongo.

Safari ndefu zaidi ilikuwa ya kwenda mashariki, hadi nchi za Wamalay. Mnamo karne ya 15 mji wa Malaka ulikuwa sokoni pa dunia nzima ya huko, na haukuwa na shahbandar mmoja bali wanne. Mmoja aliwashughulikia Wagujarati peke yao, mwingine Wachina na majirani zao, na wawili waliobaki wakagawana wafanyabiashara wengine. Kila mgeni alikuwa na mtu wa kumsemea, wa kumtafutia ghala na wa kumtoza kodi. Wareno waliuteka mji huo mwaka wa 1511, miaka 13 tu baada ya Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi. Indonesia imekihifadhi cheo hicho mpaka leo. Afisa wa kuruhusu meli kuondoka huitwa syahbandar.

Lakini angalia lililolipata neno bandar lenyewe. Kwa vile miji yote mikubwa ya Wamalay ilikuwa bandari, bandar ikaanza kumaanisha mji. Kisha likapatikana neno jingine la kuelezea bandari halisi, pelabuhan, na bandar ikaachwa bila meli. Mji mkuu wa Brunei uliitwa Bandar Seri Begawan mwaka wa 1970, kwa heshima ya sultani aliyeachia kiti mwaka wa 1967 na kujipa cheo hicho. Mgeni wa huko husafiri kwa mashua hadi Kampong Ayer, kijiji kikubwa cha nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini, kwa hivyo hapo angalau jina na mahali bado vinapatana. Lakini nenda Malaysia, zunguka Kuala Lumpur, na utakuta mitaa mipya ya nyumba, mbali na mawimbi, ikiitwa Bandar hiki na Bandar kile. Jiji lenyewe ni bandaraya, bandari kuu.

Waindonesia nao hawakuishia hapo. Walipopata ndege walisema bandar udara, bandari ya hewani, na kwa kuwa watu wa mjini wana haraka wakakata maneno yote mawili wakayaunganisha: bandara. Ukishuka Jakarta utaliona kwenye kila kibao. Sisi tukaridhika na uwanja wa ndege, kana kwamba ndege ni timu ya mpira. Huko huko Jakarta, gazeti likiandika kwamba polisi wamemkamata bandar, si mahali waliokamata. Ni mtu, tajiri wa kamari au muuzaji mkubwa wa dawa za kulevya. Na ili mambo yachanganyike zaidi, bendera kwao ni bendera kama yetu, kwa sababu wao na sisi tulilichukua neno hilo kwa Wareno wale wale. Mwanafunzi wa Mombasa na wa Jakarta wanaweza kusimama mbele ya mlingoti wakaimba nyimbo tofauti na kuita kitambaa kile jina moja.

Upande wa magharibi neno lilifika mbali vile vile. Kuna mji unaoitwa Bender nchini Moldova, nchi isiyo na pwani ya bahari. Waturuki waliuteka mwaka wa 1538, wakaupa jina hilo kwa sababu vyombo viliegesha kwenye ukingo wa Mto Dniester. Mto ulitosha.

Sasa turudi nyumbani, nikutimizie ahadi.

Pwani ya Afrika Mashariki imekuwa ikigombana juu ya neno hili hivi karibuni kuliko wakati wowote mwingine. Kule Dar es Salaam, ambako wengi hupenda kulifasiri jina la mji kuwa bandari ya salama ijapokuwa dar kwa Kiarabu ni nyumba tu, mwaka wa 2023 hapakuwa na gumzo jingine. Mnamo Juni 10 Bunge la Tanzania liliridhia makubaliano na Dubai kuhusu uendeshaji wa bandari, na watu wakagawanyika vibarazani, makanisani, misikitini na mahakamani hadi mikataba yenyewe ilipotiwa saini Oktoba. Waliounga mkono walisema bandari ni kazi, na kazi hupewa mwenye ujuzi. Waliopinga walisema bandari ni mlango wa nyumba, nao haukodishwi. Nawe msomaji sasa unajua kwamba kila upande ulikuwa na maana ya kale ya kushikilia.

Kwetu Kenya mzozo ulikuwa mwingine. Tangu miaka ya 1980 Nairobi ina mahali pa kupokelea makontena huko Embakasi, na watu walipaita bandari kavu, au bandari ya nchi kavu. Lilikuwa jina la mzaha nusu, la kweli nusu. Kisha reli mpya ya SGR ikaanza kubeba abiria katikati ya mwaka wa 2017, na mizigo Januari 2018. Mnamo Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo inayokwenda Nairobi na ng'ambo ya hapo ipandishwe treni, na kutolewa huko Nairobi. Serikali ilikuwa na hoja zake. Malori yalikuwa yakiiharibu barabara na kusababisha ajali, na reli iliyojengwa kwa mkopo ilihitaji mzigo ili ijilipe.

Lakini fikiria wewe ni wakala wa forodha mwenye ofisi ndogo Mombasa, mwenye makarani wanne. Fikiria wewe ni dereva wa lori, au fundi wa matairi, au mama mwenye kibanda cha chakula Mariakani ambaye wateja wake wote ni madereva wanaosubiri mizani. Meli zilikuwa zikija kama kawaida, na winchi zilifanya kazi usiku na mchana. Bandari, ukiipima kwa maji, haikuwa imesogea hata hatua moja. Ukiipima kwa mkate wa watoto, ilikuwa imehama kilomita 480. Ndipo watu wakaanza kuandamana mjini Mombasa kila Jumatatu, wakidai kwamba bandari yao imechukuliwa. Waliokuwa Nairobi waliosikia habari hiyo redioni walicheka: mtu atachukuaje bandari? Hawakuelewa kwamba watu wa Pwani walikuwa wanatumia neno kwa maana ile aliyoijua shahbandar wa Malaka, kwamba bandari si pale meli inapogusa gati bali ni pale mzigo unapofunguliwa, kukaguliwa, kutozwa kodi na kukabidhiwa mwenyewe. Kazi zote ziko hapo.

Oktoba mwaka huo huo amri hiyo ilisimamishwa, lakini walioandamana hawakuridhika, kwani treni ziliendelea kuvuta makontena bara, na Desemba ikafunguliwa bandari kavu nyingine huko Naivasha. Suala hilo likawa wimbo wa kampeni. Mnamo Septemba 2022, siku ile ile ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba utoaji wa mizigo urudishwe Mombasa. Mjini humo watu walishangilia. Huko Naivasha wenye kununua mashamba kwa matumaini ya maghala walinyamaza. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki ya kuona walivyoona, ingawa ningekuwa fundi wa matairi wa Mariakani nisingekuwa na subira ya kusema hivyo.

Siku moja basi, kama wewe ni mkazi wa Nairobi na nauli ya Mombasa haijapatikana, wachukue watoto Jumapili hii hii muende upande wa Embakasi. Kutoka barabarani mtaona makontena ya rangi zote yamepangwa nyuma ya ua, yakiwa na majina ya makampuni ya meli za mbali, na vumbi jekundu juu yake badala ya chumvi. Watoto watauliza bahari iko wapi. Kabla hujajibu, ndege itapita juu ya vichwa vyenu ikishusha magurudumu, kwa sababu uwanja wa Jomo Kenyatta uko huko huko Embakasi. Mwindonesia akisimama hapo pamoja nanyi angesema mmezungukwa na bandari mbili, moja ya ardhini na moja ya hewani, na asingeona ajabu yoyote kwamba samaki wa karibu zaidi yuko kwenye jokofu la duka.